Hadhira na Umiliki wa Maneno: Mjadala wa Washabiki kuhusu Tamthilia ya Firefly na Filamu ya Serenity

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba kazi inayotolewa kwa mdomo haina uhai bila hadhira. Fanani huanza, hadhira huitikia; akikosea husahihishwa; akirefusha pasipo haja, watoto husinzia naye hujua kwamba usiku umekwisha. Hadithi hufunguliwa kwa "Paukwa" na haiendi popote mpaka "Pakawa" itamkwe. Katika sanaa za televisheni na filamu, aghalabu hudaiwa kwamba uhusiano huo umekatika: mtazamaji hupokea tu, na hana njia ya kumjibu fanani ila kuzima chombo.

Mhadhara huu unaichunguza dhana hiyo ya mtazamaji bubu kwa mfano kutoka Marekani, nao ni tamthilia ya bunilizi ya kisayansi iitwayo Firefly, iliyoonyeshwa mwaka 2002 na kukatizwa kabla ya kumaliza msimu wake wa kwanza, pamoja na filamu ya Serenity iliyotoka mwaka 2005 kuiendeleza. Huenda ikaulizwa kwa nini taaluma za Kiswahili zishughulikie chombo cha angani cha Wamarekani. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya mjadala wa washabiki wa tamthilia hiyo ilihusu lugha: majina, vihisishi, matamshi, lugha ipi inasemwa na nani, na nani anakosekana miongoni mwa wasemaji. Hayo ni maswali ya isimujamii, ingawa wengi wa walioyauliza hawakuwa wanaisimu. Aidha, kama itakavyoonekana, Kiswahili chenyewe kiliwahi kupandishwa chombo cha namna hiyo, na uzoefu huo unasaidia kuyaelewa yaliyokipata Kichina.

Kabla ya kuendelea, yafaa kusema machache kuhusu istilahi. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mtu anayependa kitu kuliko kawaida, nayo hayalingani. Mpenzi wa muziki au wa soka ni mtu mtulivu, anapenda, basi. Mshabiki hupiga kelele, na masikioni mwa wengi neno hilo lina harufu ya kutofikiri sana. Mnazi, kama linavyotumika Tanzania kwa wafuasi wa Simba na Yanga, ni mtu asiyeyumba hata timu yake ifungwe mara ngapi. Kisha kuna mkereketwa, neno lililokuzwa na siasa za chama, ambalo chimbuko lake ni kitenzi kereketa, yaani kuwasha na kukwaruza, kama koo linavyokereketa. Mkereketwa ni mtu anayewashwa na jambo hata asiweze kunyamaza. Mhadhara huu unatumia mshabiki kwa kuwa ndilo lililozoeleka, lakini watu wanaozungumzwa humu ni wakereketwa kwa maana hiyo ya asili.

Tamthilia iliyokatizwa

Firefly ilibuniwa na Joss Whedon, na kituo cha Fox kilianza kuionyesha Ijumaa usiku, tarehe 20 Septemba 2002. Jina hilo maana yake ni kimulimuli. Ndiyo aina ya chombo wanachosafiria wahusika, ambacho sehemu yake ya nyuma huwaka kama mdudu huyo. Hadithi imewekwa mwaka 2517. Dunia haikuwatosha tena binadamu, wakahamia mfumo mwingine wa sayari na miezi, na huko vita vikapiganwa kati ya sayari tajiri za katikati, zilizotaka kutawala zote, na sayari za pembezoni zilizotaka kujitawala. Walioshinda ni wa katikati. Serikali yao inaweza kuitwa kwa Kiswahili Shirikisho ("Muungano" lingekaribia zaidi jina la asili, ila katika lugha yetu neno hilo tayari lina mizigo yake). Nahodha Malcolm Reynolds alipigana upande ulioshindwa. Amenunua chombo kikuukuu, amekiita Serenity, yaani utulivu, kwa jina la bonde ambako jeshi lake lilivunjwa, na anaishi kwa kubeba mizigo ya halali na ya magendo. Chomboni wamo watu tisa, na mavazi, bunduki na lafudhi zao ni za Magharibi ya Marekani ya karne ya 19 kuliko za karne ya 26.

Zilitengenezwa sehemu 14. Zilizoonyeshwa kabla ya kituo kuisitisha tamthilia ni 11. Jambo lililowaudhi washabiki zaidi ya kusitishwa kwenyewe lilikuwa mpangilio. Sehemu ya kwanza, yenye urefu wa saa mbili pamoja na matangazo, ambamo wahusika wanatambulishwa mmoja mmoja, iliwekwa kando. Ikaandikwa nyingine kwa haraka, kuhusu wizi katika garimoshi, na hiyo ndiyo iliyofungua pazia. Sehemu ya utangulizi ilionyeshwa mwisho kabisa, tarehe 20 Desemba 2002. Mtazamaji wa mwaka huo alisimuliwa mwanzo baada ya kila kitu kwisha, mithili ya mtu aliyeanzia utenzi kwenye beti za katikati na kuletewa dua ya ufunguzi siku ya kufunga.

Tarehe 9 Desemba 2003 sehemu zote 14 zilitolewa kwenye diski za DVD, zikiwa zimepangwa kama mbunifu alivyokusudia. Hapo mjadala ulibadilika. Watu walianza kulinganisha mpangilio mmoja na mwingine, kuonyesha ni kauli gani ilipoteza maana ilipotangulizwa, na mhusika gani alionekana katili kwa sababu tu tukio linalomweleza lilikuwa halijaonyeshwa. Yeyote aliyewahi kushika miswada ya tenzi ataitambua kazi hiyo mara moja. Miswada ya Al-Inkishafi, kwa mfano, hutofautiana katika idadi na mfuatano wa beti, na wahariri wake wametumia miaka mingi kubishana kuhusu ubeti upi ukae wapi. Tofauti ni kwamba mhariri wa Al-Inkishafi hupata shahada, ilhali mshabiki wa Firefly alifanya uhakiki wa matini usiku, baada ya kazi, na jirani akamwona mtu asiye na la kufanya.

Diski ziliuzwa vizuri, na kampuni ya Universal ikakubali kutengeneza filamu. Serenity ilianza kuonyeshwa katika kumbi za Marekani tarehe 30 Septemba 2005. Kisa hiki hakikuwa cha kwanza cha aina yake. Star Trek ilisitishwa mwaka 1969 baada ya sehemu 79, ikarudi kama filamu mwaka 1979. Na hata huo msimu wake wa tatu, ambao ndio uliokuwa wa mwisho, ulitanguliwa na kampeni kubwa ya barua za watazamaji. Lakini Star Trek ilikuwa na misimu mitatu ya kujenga hadhira. Firefly haikufikisha hata mmoja. Wanaisimu wa Kiswahili huyaita maneno ya mitaani misimu, kwa kuwa huja na kupita na majira; katika kisa hiki msimu wa televisheni ulikufa upesi, na misimu yake ya lugha ikadumu.

Jina la walioshindwa

Katika hadithi, askari wa sayari za pembezoni walivaa makoti marefu ya rangi ya kahawia, wakajulikana kwa vazi hilo: Browncoats, Makoti ya Kahawia. Tamthilia ilipokatizwa, washabiki walijitwalia jina hilo. Kisarufi hii ni metonimia ya kawaida, vazi kusimama mahali pa mvaaji. Kiswahili katika hali kama hiyo hupenda kuongeza kiambishi cha watu, ndiyo maana waliotajirika baada ya uhuru hawakuitwa Benzi bali Wabenzi. Kinachovutia zaidi ni uteuzi wenyewe. Washabiki wangeweza kujiita mabaharia wa Serenity, au vimulimuli. Walichagua jina la jeshi lililoshindwa, ambalo askari wake waliosalia hawakukubali kwamba kushindwa ni ushahidi wa kukosea. Kukatizwa kwa tamthilia kukawa ndilo bonde lao la Serenity, na filamu ikawa vita ya pili.

Pamoja na jina walichukua msamiati. Kivumishi shiny, chenye maana ya kitu kinachong'aa, katika tamthilia ni neno la kukubali na kusifu, kwa takribani maana ya "safi", "bomba" au "poa". Neno la ulimwengu limekatwa likabaki kipande chake cha mwisho, 'verse. Laana ambayo kituo cha televisheni kisingeiruhusu imeviringishwa ikawa gorram, kwa njia ileile ya tasfida inayowafanya watu wapotoshe sauti ya neno zito ili wapate kulisema mbele ya watoto. Maneno haya hayakuwa mengi, na hilo ndilo lililoyafaa. Lugha ya kubuni kama Kiklingoni humtaka mshabiki ajifunze sarufi. Msamiati wa Firefly ulimtaka asikilize sehemu 14 tu. Mtu aliyesema shiny kwenye foleni ya tiketi mwaka 2005 alikuwa amejitambulisha, na aliyemwelewa aligeuka.

Si kila mshabiki aliyeliridhia koti hilo. Whedon ameeleza kwamba wazo la tamthilia lilimjia baada ya kusoma The Killer Angels, riwaya ya Michael Shaara kuhusu mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Walioshindwa katika vita hivyo ni majimbo ya Kusini, yaliyopigania kuendelea kwa utumwa. Tamthilia imeuondoa utumwa katika madai ya Makoti ya Kahawia na kubakiza huzuni ya kushindwa, fahari na farasi. Je, inawezekana kuazima maombolezo ya jeshi bila kuazima dhambi yake? Washabiki wameligombania swali hili kwa miaka, na wengine wamejibu kwa kuonyesha kwamba Zoe, naibu wa nahodha na askari mwenzake wa zamani, ameigizwa na mwanamke mweusi, Gina Torres. Jibu hilo linasaidia, ila halitoshi. Uteuzi wa mwigizaji haufuti chimbuko la taswira. Lakini ni vigumu kuwaita watu wanaojadiliana hivyo wapokeaji bubu.

Kichina kisicho na Wachina

Hapa ndipo mjadala una mengi ya kumfaa mwanaisimu. Katika historia ya kubuni ya Firefly, mataifa mawili yenye nguvu yaliyoongoza uhamaji kutoka duniani ni Marekani na China. Kwa hiyo kila mtu katika mwaka 2517 anasema Kiingereza na kuchopeka Kichina. Maandishi ya Kichina yamo kwenye kuta, masanduku na mabango. Wahusika wakikasirika hutukana kwa Kichina, na tafsiri haionyeshwi chini ya picha. Kwa kituo cha televisheni hilo lilikuwa suluhisho la matusi; kwa mtunzi lilikuwa njia ya kuonyesha kwamba wakati umepita na watu wamechanganyika.

Washabiki walifanya kazi mbili juu ya Kichina hicho. Ya kwanza ilikuwa ya kileksikografia. Walikusanya kila kauli, wakaiandika, wakaitafsiri, na kuonyesha pale ambapo alichotamka mwigizaji hakikulingana na kilichokusudiwa. Kichina cha Mandarini ni lugha ya toni: mai yenye toni ya kushuka kisha kupanda ni "nunua", na mai yenye toni ya kushuka tu ni "uza". Waigizaji walikariri silabi wakaziacha toni, hivyo wasemaji wa Kichina walieleza kwamba baadhi ya kauli ziliwabidi wazikisie kwa muktadha.

Kazi ya pili ilikuwa ya kuuliza, nayo ilikuwa nzito zaidi. Katika watu tisa wa chombo hicho, hakuna hata mmoja aliyeigizwa na mwigizaji wa asili ya Kichina. Ndugu wawili, daktari Simon na dada yake River, wana jina la ukoo la Tam, ambalo laweza kuwa la Kichina. Simon humwita dada yake mei-mei, "dada mdogo". Lakini walioigiza, Sean Maher na Summer Glau, ni Wamarekani weupe. Lugha ilisafiri, wenye lugha wakabaki. Washabiki wengine walitetea kwamba katika miaka 500 watu wangekuwa wamechanganyika hata sura zisitabirike. Waliowajibu waliuliza swali rahisi: ikiwa sura hazitabiriki, mbona mchanganyiko huo haukutoa hata sura moja ya Kichina mezani?

Uchunguzi wa kisarufi unaunga mkono upande wa waulizaji. Kichina cha Firefly kinakaa hasa katika nafasi tatu: vihisishi na laana, maneno ya mapenzi kama mei-mei, na viulizi vya kumalizia kauli. Hizo ni pembe za sentensi. Katikati, yaani katika mpangilio wa maneno, katika uambishaji na katika viunganishi, Kiingereza hakijaguswa kwa kiasi cha kutajika. Lugha zilizoishi pamoja kwa karne kadhaa haziachani hivyo. Kiswahili kilipokipokea kitab cha Kiarabu, hakikukiweka kama pambo mwishoni mwa sentensi. Kilikipa irabu ya mwisho, kikakisikia ki- ya mwanzo kama kiambishi cha ngeli, kikatoa vitabu. Karne nyingi baadaye madereva wa Tanzania walifanya vivyo hivyo kwa alama ya barabarani ya Kiingereza iliyowaamuru wakae kushoto, wakapata kiplefti na viplefti. Sheng ya Nairobi imekwenda mbali zaidi, ikivipachika viambishi vya Kiswahili kwenye mashina ya lugha yoyote iliyo karibu. Huo ndio mwenendo wa mchanganyiko ulio hai: lugha moja huingia jikoni kwa nyingine na kuhamisha vyombo. Kichina cha Firefly kimeketi barazani, kimevaa vizuri, na hakijaalikwa ndani.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana sababu ya kulitambua jambo hili. Star Trek ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1966, afisa wa mawasiliano wa chombo chake aliitwa Uhura, jina lililotolewa kwenye neno uhuru kwa kubadilishwa irabu ya mwisho. Badiliko hilo halina maana yoyote katika mofolojia ya Kiswahili. Ni sikio la Kiingereza lililotaka jina la mwanamke liishie kwa -a. Katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, mhusika huyo husemeshwa Kiswahili na kiumbe kilichojigeuza mtu, na katika nyingine ya mwaka 1967, baada ya kumbukumbu zake kufutwa, anaporudishwa kusoma kama mtoto hughafilika akaingia Kiswahili. Ilikuwa heshima, na kwa Wamarekani weusi wa wakati ule kuwapo kwa Nichelle Nichols katika kiti kile kulikuwa na uzito ambao haustahili kupuuzwa. Hata hivyo Kiswahili kilikuwa pale kama rangi ya nasaba. Hakikuulizwa chochote kuhusu karne ya 23. Mtu aliyewahi kuisikia lugha yake ikitumiwa kama shanga ataelewa haraka kuliko wengine kwa nini mshabiki mwenye asili ya Kichina aliweza kuipenda Firefly na kuumizwa nayo kwa pamoja.

Kifo cha rubani

Filamu ya 2005 iligawa washabiki kwa sababu nyingine. Kisa chake kinafumbua siri ya sayari iitwayo Miranda: serikali ilitia dawa hewani ili kuwatuliza watu, wengi wao wakatulia mpaka wakafa, na wachache wakageuka wala watu wenye ukatili usio na mfano. Nahodha na wenzake wanahatarisha maisha ili habari hiyo itangazwe. Njiani wanakufa wawili wa wale tisa, mchungaji Book na rubani Wash.

Kifo cha Book, aliyeigizwa na marehemu Ron Glass, kilipokewa kwa huzuni na kwa lalamiko la kidhamira, kwa kuwa tamthilia ilikuwa imedokeza kwamba mchungaji huyo ana maisha ya zamani yaliyofichwa, na filamu ikamzika pamoja na siri yake. Siri hiyo ilielezwa baadaye katika kitabu cha katuni cha mwaka 2010. Kifo cha Wash ni jambo jingine. Rubani amekiteremsha chombo kilichoharibika kwa ustadi usioaminika. Mtazamaji anashusha pumzi. Na katika pumzi hiyo mkuki mkubwa unapenya kioo na kumuua. Hakuna wosia, hakuna muda hata wa mkewe, Zoe, kumlilia.

Upande mmoja wa washabiki ulishikilia kwamba kifo hicho ni cha lazima kisanaa: kuanzia hapo mtazamaji anaamini kwamba yeyote anaweza kufa, na mapigano ya mwisho yanapata hofu ambayo yasingekuwa nayo. Upande wa pili ulijibu kwamba hofu imenunuliwa kwa bei isiyo ya haki, kwa kuwa mhusika aliyejengwa kwa sehemu 14 ametumiwa kama kengele. Mjuzi wa fasihi ya Waswahili atakumbuka kifo cha Fumo Liyongo. Hapo msikilizaji anajua tangu mapema kwamba shujaa hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni, anamwona mwana akiitafuta siri, anasubiri. Uchungu unatokana na kujua. Mapokeo yale humpa msikilizaji kifo kama deni linalosogea, na filamu hii inakitupa kama jiwe gizani. Hoja ya kwamba mauti halisi hayabishi hodi ni ya kweli, lakini sanaa haijawahi kulazimishwa kuiga kila tabia ya mauti. Katika ubishi huu, waliolalamika wana hoja yenye nguvu zaidi, ingawa ni wao pia waliorudi ukumbini mara ya pili na ya tatu.

Lilikuwapo pia suala la simulizi kutofautiana. Katika tamthilia, Simon anaeleza kwamba alitumia mali yake kuwalipa watu waliomtorosha River kutoka mikononi mwa serikali. Katika filamu anaonekana akimtorosha mwenyewe. Washabiki walijitahidi kuoanisha: pengine anachokieleza ni mpango, na kinachoonyeshwa ni utekelezaji, pengine alificha. Mtaalamu wa fasihi simulizi asingehitaji upatanisho huo, kwa kuwa kwake riwaya mbili za kisa kimoja ni hali ya kawaida. Ila upatanisho wenyewe ni ushahidi wa namna hadhira hii ilivyoichukulia kazi: kama habari ya watu waliopo, ambayo haiwezi kuwa na kweli mbili.

Fedha hazikuingia katika mjadala huo wa kisanaa, lakini ndizo zilizoamua. Filamu iligharimu takribani dola milioni 39, na mapato ya kumbi duniani kote yalikuwa takribani dola milioni 40, ambayo sehemu yake hubaki kwa wenye kumbi. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya Hugo. Filamu ya pili haikufuata.

Maneno ni ya nani?

Kabla ya filamu kutoka, Universal iliwategemea washabiki waziwazi. Mnamo Mei na Juni 2005 filamu ilionyeshwa mapema katika miji kadhaa ya Marekani, na tiketi zikanunuliwa na Makoti ya Kahawia, ambao walikwishatengeneza mabango, fulana na vipeperushi kwa gharama zao. Kuanzia mwaka 2006 washabiki waliandaa pia maonyesho ya hisani, mapato yakienda kwa shirika la Equality Now. Mwaka 2007 mwanaanga Steven Swanson alikwenda na diski za tamthilia na filamu hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga. Yote hayo yalipokewa kwa tabasamu.

Tabasamu lilikuwa na mpaka wake. Mwaka 2006, baada ya filamu kuondoka kwenye kumbi, mshabiki aliyekuwa akiuza bidhaa zenye picha na maneno ya Serenity alitakiwa na wawakilishi wa kampuni kuacha na kulipa. Wenzake walijibu kwa ankara. Walijumlisha saa walizofanya kazi ya kuitangaza filamu bila malipo, wakazitia bei, wakaitangaza hesabu hiyo, iliyozidi dola milioni mbili. Hawakutarajia kulipwa hata senti. Ankara ilikuwa utani, na utani katika jamii nyingi ndiyo njia ya kumwambia mkubwa jambo ambalo lugha ya kawaida hairuhusu. Ilisema kwamba fanani aliyeitikiwa "Paukwa" yake na hadhira hawezi baadaye kudai kwamba "Pakawa" ilikuwa mali yake.

Kisheria, bila shaka, anaweza. Hapa nadharia ya fasihi simulizi na sheria ya hakimiliki zinatazamana bila kuelewana. Ya kwanza inamhesabu msikilizaji kuwa mshiriki wa utunzi. Ya pili haimjui. Washabiki wa Firefly walikuwa washiriki kwa kila kipimo cha kiisimu: walihifadhi matini, wakasahihisha mfuatano wake, wakaandika kamusi, wakatumia msamiati katika maisha yao, wakahoji lugha iliyopambwa bila wenyewe kualikwa. Kuanzia mwaka 2020, baadhi ya waigizaji waliofanya kazi na Whedon katika kazi nyingine walipolalamika hadharani kuhusu alivyowatendea, naye akayakana baadhi ya madai hayo, washabiki wengi waliendelea kusema maneno ya tamthilia huku wakiacha kulitaja jina la mtunzi. Ushairi wa mapokeo una beti nyingi zilizobaki baada ya jina la malenga kupotea. Huko jina lilipotea kwa muda. Hapa liliachwa kwa kusudi.

Mgogoro unaoonyesha mpaka huo vizuri zaidi ni wa kofia. Jayne, mhusika mwenye nguvu nyingi na fikra chache, anapokea kwa posta kofia ya sufu yenye rangi za machungwa, njano na nyekundu, iliyofumwa na mama yake, anaivaa mara moja, na kuipenda bila kuona haya. Kofia ni mbaya. Hiyo ndiyo huba yake. Washabiki waliifuma, wakavaliana, wakaipeleka kwenye kila mkutano, na wafumaji wengine wakaiuza mmoja mmoja mtandaoni kwa jina la Jayne. Mwaka 2013, baada ya kampuni moja kupewa leseni ya kuitengeneza kwa wingi, wafumaji hao walianza kupokea barua kwa niaba ya Fox za kuwataka waache. Hasira ilikuwa kubwa, na duka lililokuwa likiuza kofia za leseni likatangaza kwamba faida yake ya kofia hizo ingepelekwa kwenye shughuli ya hisani ya washabiki wenyewe. Sehemu ambamo Jayne anapokea kofia hiyo inaitwa "The Message", yaani "Ujumbe". Ni mojawapo ya zile tatu ambazo kituo cha Fox hakikuzionyesha mwaka 2002.